Shilingi kumi kwa kila mita

Kamati ya ofisini ilipoamua kwamba mwaka ule hatupitishi bahasha, tunapanda Kilimanjaro kutafuta hela za vitanda vya kujifungulia, hesabu ya kwanza kuwekwa mezani ilikuwa ya mita. Lango la Marangu liko mita 1,879 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Uhuru 5,895. Tofauti ni 4,016. Anayeahidi shilingi 10 kwa mita atatoa 40,160. Wa shilingi 5 atatoa 20,080. Kila mpandaji alipewa kadi zake za kugawa, zimechapwa kama za harusi, zina namba ya kulipia na jina la mweka hazina. Kadi ya mchango haihitaji maelezo Dar es Salaam.

Gharama za safari zilitengwa mbali na mchango. Ada za hifadhi, chakula, malipo ya viongozi na wapagazi, kila mmoja alijilipia kwa kukatwa mshahara kidogo kidogo. Mchangiaji akishanusa kwamba hela yake ya kitanda inamlipia mtu likizo, hutamwona tena.

Tatizo lilikuwa kwenye mstari wa chini wa kadi: utalipa kadiri ya mita atakazofika huyo aliyekupa kadi. Zaidi ya hapo, mfanyabiashara mmoja aliahidi kuongeza maradufu mchango wake endapo wote 12 tungefika Uhuru. Kwenye kikao watu walipiga makofi.

Vifaa vingi vilitoka mitumba ya Karume, ambako koti zito la baridi linauzwa bei ya chee kwa kuwa Dar hakuna wa kulivaa. Mabegi ya kulalia na fimbo tulikodi Moshi. Viatu hatukukodi: kiatu usichokizoea, hata kisipokuumiza unapopanda, kinasubiri siku ya kushuka, vidole vigonge mbele kwa saa nyingi mpaka kucha ziwe nyeusi. Mazoezi yalikuwa ngazi za jengo la ofisi na mfuko wa mchele mgongoni, na Jumamosi kadhaa Uluguru. Yalisaidia mapafu na magoti. Dhidi ya hewa nyembamba hayasaidii kitu, na waliokuwa na nguvu kuliko wote ndio waliosumbuliwa zaidi, kwa sababu walikimbia.

Langoni mizigo ilipimwa. Mpagazi haruhusiwi kuzidisha kilo 20, pamoja na vitu vyake mwenyewe, kwa hiyo begi la mpandaji lisivuke 15. Bango letu la plastiki nene lenye matundu ya chuma lilikula kilo ambazo zingebeba nguo za mtu. Chupa za maji za kutumia na kutupa hazipiti. Tulikuwa na za kudumu.

Njia ya Marangu ina mabanda ya kulala: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila kituo ni mita elfu moja kamili juu ya kilichotangulia, na hapo ndipo mtego ulipo, maana mwili hauzoei haraka hivyo. Tuliongeza usiku wa pili Horombo, tukapanda mchana hadi Mawe ya Pundamilia, tukarudi kulala chini. Maji yalikuwa lita tatu hadi nne kwa siku, kwa kila mtu. Kiongozi wetu mkuu, Mchaga wa makamo asiyependa maneno mengi, kila jioni alipita na kipimo cha oksijeni cha kidoleni akiuliza maswali yaleyale: kichwa, tumbo, usingizi, mkojo. Kila jioni tulijibu salama.

Kibo hakuna maji ya bomba, wapagazi huyapandisha kutoka chini. Tulifika mchana, upepo unapiga mabati. Mwenzetu mmoja wa idara ya hesabu alikaa pembeni ya kitanda cha deka akijaribu kufunga kamba ya kiatu. Aliishika, akaiachia, akaishika tena. Kiongozi alimtazama, kisha akamwita nje.

"Kaka, tembea kwenye mstari huu. Kisigino kiguse kidole."

Hatua ya tatu akayumba. Kipimo cha oksijeni kilisoma asilimia 68. Ndipo tulipojua kwamba tangu Horombo alikuwa anameza panadol kimyakimya. Panadol hunyamazisha kichwa, lakini haizuii ubongo kuvimba, na mtu aliyeanza kuyumba dawa yake ni kushuka, saa hiyo hiyo, wala si kesho asubuhi. Alibishana: mita zake zingeishia 2,841, na kila aliyemwahidi shilingi 10 angelipa pungufu ya 11,750. Kiongozi hakujibu hesabu. Wapagazi walimfunga kwenye machela ya gurudumu moja, wakamshusha Horombo kabla ya giza. Asubuhi alikuwa anakunywa uji.

Kitu kilichofuata sikukitegemea. Ahadi ya maradufu ilipokufa pale, wawili wengine walisema kichwa kinawauma tangu jana. Hawakuwa tena na wa kumwangusha kwa kukiri. Kiongozi aliwapima, akawaruhusu kuanza kwa sharti kwamba wasaidizi wawili watembee nao, ili wakigeuza wasiwasimamishe wengine.

Tuliamshwa saa tano usiku kwa chai na biskuti, saa sita tukaondoka. Safari huanza usiku kwa kuwa changarawe ikiganda inashika mguu; jua likiichoma, unapanda hatua mbili unateleza moja. Chupa tulizigeuza mdomo chini ndani ya soksi, kwani barafu huanzia juu. Simu na betri za akiba zilikaa kifuani. Wazito wa mwendo walitangulia nyuma ya kiongozi, na mapumziko hayakuzidi dakika tano: ukikaa zaidi, jasho linakuwa barafu mgongoni.

Wale wawili walifika Gilman, kwenye ukingo wa kreta, mita 5,685, wakaambiwa inatosha. Kutoka pale hadi Uhuru ni mita 210 tu, yaani shilingi 2,100 kwa kila ahadi ya kumi, nauli ya bodaboda. Tisa tuliendelea kupitia Stella, kwenye ukingo huohuo. Kileleni bango lilikuwa limekakamaa, likapasuka kwenye mkunjo, na ilibidi watu sita wavue glovu kulishikilia. Kitambaa cha mita moja kingetosha.

Mweka hazina alifunga hesabu hivi: mita 46,597 za timu kati ya 48,192, pungufu 1,595. Upungufu huo ulikuwa mdogo sana ukiulinganisha na ahadi hewa, maana karibu mmoja kati ya watano hakulipa kabisa, wakiwemo walioahidi kwa sauti kubwa. Mfanyabiashara alitoa fungu lake la kawaida bila kinyongo. Vilinunuliwa vitanda vitatu na magodoro yake.

Kadi za mwaka uliofuata hazikuwa na mita. Ziliandikwa kiasi kimoja, kinacholipwa kabla timu haijapanda basi la Moshi.