Dada, ungetabasamu kidogo

Jumamosi nimerudi hosteli kutoka kwenye mdahalo na maksi 74, patna wangu 77, na nilivoenda kumuuliza jaji tofauti imetokea wapi akaniambia hoja zako nzuri sana ila "dada ulikua mkali mno, ungetabasamu kidogo". Mada ilikua deni la taifa. Yaani nilitabasamie deni la taifa?? Patna wangu kapiga meza mpaka chupa ya maji ikadondoka, yeye kaambiwa anajiamini.

Kwa msiojua, huu mdahalo timu zinakua nne za watu wawili wawili, mnapewa mada mnajiandaa dakika 15, kila mtu anaongea dakika 7, na ukitaka kumuuliza swali anaeongea unasimama, yeye ndo anaamua akupokee au akukalishe. Sasa hapo kwenye kukalishwa ndo penyewe. Nimesimama mara sita, mara zote napungiwa kiganja kama kuku kaingia sebuleni, nikachoka nikaliandika swali kwenye kikaratasi nikampa patna, jamaa hata hajanyooka vizuri, "ndio kaka, karibu". Na jaji kwenye mrejesho akalisifia lile swali, eti patna wangu kaona mbali!

(Patna mwenyewe sina ugomvi nae, alijaribu kusema ni swali langu, watu wakacheka wakaona anajishusha tu.)

Na sio Bongo tu. Machi 2013 huko Glasgow wadada wawili walifika fainali ya mashindano ya vyuo, wanaume waliokaa ukumbini wakawazomea na kujadili maumbile yao huku wao wanaongea. Kwenye umoja wa wanafunzi ulioanza kupokea wanawake 1980. Ila wale angalau walizomewa ukumbi mzima ukasikia, sisi huku hatuzomewi, tunaitwa dada kwa upole kabisa, afu tunaombwa tushike simu ya kuhesabia mda, sasa hapo utamshtaki nani na useme kakufanyaje?

Raundi ya mwisho tukakubaliana patna asisimame kabisa, nisimame mimi tu. Nikasimama mpaka magoti yakauma, hatukupokelewa hata mara moja, tukashika nafasi ya tatu, na kwenye mrejesho jaji akasema timu yetu ilipoa, haikuuliza maswali.