Siku Moja Hakathonini: Swali Kwanza, Msimbo Baadaye

Saa 2 asubuhi. Ukumbi wa hakathoni, shindano ambapo makundi hutengeneza programu kwa muda mfupi, haujajaa, lakini nyaya za umeme zimeshatandazwa hadi kila meza. Mimi ni mwandishi wa habari za fedha za umma, na leo nitashinda na watu ambao kazi yao ni kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta. Nimekuja na folda moja ya matangazo ya zabuni na mikataba ya miaka kadhaa, yote PDF, na swali moja: ni zabuni zipi zilizopata mwombaji mmoja tu, na nani alishinda?

Swali hilo nimelihangaikia kuliko folda yenyewe. Nimeshuhudia makundi yenye vipaji vikubwa yakifunga siku na ramani ya kupendeza isiyomjibu mwananchi lolote, kwa sababu waliianza kazi kwa kuuliza wajenge nini badala ya wanataka kujua nini.

Saa 3. Tunagawana makundi. Letu lina waandishi wawili, watayarishaji programu wawili na mchora grafu mmoja. Kuwakalisha watu wa fani hizi meza moja si jambo jipya; mtandao wa Hacks/Hackers ulianzishwa Marekani mwaka 2009 kwa kusudi hilohilo. Bado kila mara ninajifunza kitu. Dada anayeongoza upande wa msimbo ananigeukia: "Kaka, mstari mmoja wa jedwali letu utasimamia nini? Zabuni, mkataba, au malipo?"

Hakuna mhariri aliyewahi kuniuliza hivyo, na jibu lake ndilo linaloamua kila kitu. Zabuni moja inaweza kuzaa mikataba mitatu, na mkataba mmoja ukalipwa kwa awamu nyingi. Ukivichanganya, fedha zilezile utazihesabu mara mbili na habari yako itaanguka siku ya kwanza. Kiwango cha data cha Open Contracting, yaani utaratibu wa pamoja wa kuchapisha taarifa za mikataba ya umma, hulikabili tatizo hili kwa kuupa mchakato mzima wa ununuzi namba moja ya utambulisho, kuanzia mipango hadi utekelezaji. Mafaili yetu hayana namba hiyo. Tunakubaliana: mstari mmoja, mkataba mmoja.

Saa 4 hadi saa 7. Kung'oa data kwenye PDF. Desemba 2007 watu wapatao 30 walikutana Sebastopol, California, wakaandika kanuni 8 za data huria za serikali, na mojawapo inataka data ziweze kuchakatwa na mashine. Picha ya karatasi iliyopigwa skani, hata ikiwekwa hadharani kwenye intaneti, haijafika huko. Kwa kurasa zenye maandishi halisi tunatumia Tabula, programu ya bure iliyotoka mwaka 2013 kwa ajili ya waandishi wenye shida kama yetu: unazungushia jedwali kisanduku, inakupa faili la CSV, jedwali ambalo kompyuta inaweza kulisoma. Kurasa za skani lazima zipitie kwanza programu ya kutambua maandishi, na huko 8 hugeuka 3 bila kukuambia. Hizo tunazipa alama yake ili zikaguliwe kwa macho.

Kisha chakula, harakaharaka.

Saa 8 mchana. Majina ya kampuni. Kampuni moja imeandikwa kwa herufi kubwa hapa, kwa nukta pale, kwingine maneno yamepinduliwa. OpenRefine, programu ya kusafisha data, ina mbinu nzuri: hushusha herufi zote, huondoa alama, hupanga maneno kialfabeti, kisha hukusanya majina yanayofanana. Lakini inapendekeza tu, kuamua ni kazi yetu. Majina mawili yanayolingana herufi kwa herufi yana namba tofauti za usajili. Ni kampuni mbili. Tunaziacha mbili.

Saa 10. Orodha imetoka. Kijana wa msimbo anataka kuipaka rangi nyekundu, nami napinga kwa nguvu zote. Mwombaji mmoja si ushahidi wa rushwa. Huenda ilikuwa dharura, au kipuri kinatengenezwa na kiwanda kimoja pekee. Hapo dada anapendekeza tuongeze safu ya siku kati ya tangazo na mwisho wa kupokea maombi. Mimi nisingeifikiria kamwe. Ndani ya dakika chache tunaona mikataba ambayo tangazo lake lilikaa siku chache mno kwa mtu yeyote kuandaa maombi ya maana. Sasa tuna jambo la kwenda kuuliza.

Saa 11 jioni. Ukaguzi, sehemu ninayoithamini kuliko zote. Kila mstari una namba ya ukurasa ulikotoka. Mmoja anasoma kwa sauti kutoka PDF, mwingine anafuatisha kwenye jedwali. Tunaondoa namba za simu na vitambulisho vya watu binafsi, tunahifadhi historia ya kila hatua ya usafishaji ili mtu mwingine aweze kuirudia, na tunaweka leseni ya CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kuzitumia data mradi ataje chanzo.

Saa 12 na nusu. Tunawasilisha. Jaji anauliza habari itatoka lini. Namjibu kwamba hatujaongea na kampuni wala ofisi hata moja, na hakuna jina litakalotoka kabla ya hapo.

Saa 2 usiku. Tunagawana kazi kabla ya kutawanyika, maana kundi lisilofanya hivyo hufia mlangoni. Dada atakuja chumba cha habari kuandika programu itakayosoma matangazo mapya kila wiki. Mwandishi mwenzangu ataandika barua ya kuomba viambatisho vinavyokosekana. Mimi nitawatafuta waliochukua nyaraka za zabuni zile za siku chache lakini hawakurudisha maombi. Nataka waniambie kwa nini.