Siku Moja Maishani Mwangu: Karani wa Kura za Mchujo Pennsylvania

Saa 12 asubuhi tunapanga meza na kuchapisha karatasi inayothibitisha kwamba mashine inaanzia sifuri, na saa 1 kamili tunafungua milango. Mpiga kura hutaja jina, nami hulitafuta daftarini. Hutia saini na kupewa karatasi ya chama chake. Anayepiga kura kituoni hapo kwa mara ya kwanza huonyesha pia kitambulisho. Wengi hupita hivyo bila neno.

Saa 5 alifika bwana mmoja ambaye daftari lilionyesha hana chama. Nilimweleza kwamba katika jimbo hili waliojiandikisha Democratic huteua wagombea wa Democratic na wa Republican huteua wa Republican, na kwamba asiye na chama husubiri uchaguzi mkuu wa Novemba, atakapompigia yeyote amtakaye. Akasema alibadilisha chama wiki iliyopita. Nikamjibu kwamba mwisho wa kubadilisha ni siku 15 kabla ya mchujo. Hapo akapandisha sauti, akidai kwamba ninamnyima haki ilhali kodi yake inagharimia mashine hizi. Hoja ya kodi ina uzito, nami siibezi, lakini sheria hutungwa na wabunge wa jimbo na karani hana mamlaka ya kuilegeza. Baada ya mabishano marefu alikumbuka kwamba fomu nyingine aliituma mapema zaidi, na dai hilo ndilo lililomfungulia njia: nilimpa kura ya muda, ambayo hufungwa ndani ya bahasha yenye saini yake na kuhesabiwa tu iwapo kaunti itathibitisha kwamba anastahili. Zilikwisha dakika 40, na foleni ilikuwa imefika nje.

Tangu hapo sikuitazama saa. Waliopewa kura za posta wakaja nazo pamoja na bahasha zake, wakazirudisha ili wapige kura kituoni. Miguu iliniuma, na chakula changu kilibaki mfukoni. Saa 2 usiku nilisimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni, kwa kuwa aliyewahi kufika kabla ya saa hiyo lazima aruhusiwe kupiga kura.

Kisha tukalinganisha saini na karatasi. Mara ya kwanza hesabu ilipishana kwa moja, tukarudia ukurasa kwa ukurasa hadi ikalingana. Nilibandika matokeo mlangoni, na bahasha ya yule bwana ikaondoka na nyingine ndani ya mfuko uliofungwa kwa lakiri.