Nilivyofundisha kifaru cha Waitaliano kwa mabanzi na chokaa

Kwa miaka mingi nilikuwa nasahihisha jibu lile lile. Waulize kidato cha nne kwa nini Ethiopia ilishindwa na Italia mwaka 1936, karibu kila daftari litakwambia: Waethiopia walikuwa na mikuki, Waitaliano walikuwa na vifaru. Nikiwasimulia Dembeguina, kwamba tarehe 15 Desemba 1935 watu wa Ras Imru, kamanda wa Ethiopia, walivizingira vifaru hivyo hivyo kwenye njia ya mlimani na kuvishinda, waliniitikia kwa adabu tu. Mwaka juzi msichana wa dawati la mbele akaniuliza, "Mwalimu, kifaru kinapinduliwaje na watu?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Nilikaa na swali lake wiki nzima. Kifaru walichokijua ni kile cha gwaride, chenye mzinga mrefu na kichwa kinachozunguka. Picha ya kitabuni haisaidii, kwa sababu haimwonyeshi mtu ukubwa wa kitu. Basi nikaamua tukijenge.

Mabanzi nilipewa na fundi seremala jirani na shule, maboksi tukaomba dukani. Jumamosi, mimi na vijana sita tulichora uwanjani kwa chokaa: urefu mita 3.2, upana mita 1.4. Kuta tukazisimamisha kimo cha mita 1.3. Zilianguka mara mbili, mpaka tulipochimbia nguzo pembeni na kuzifunga kwa kamba za katani. Nyuma, mahali pa injini, tulijaza madawati mabovu. Nafasi iliyobaki mbele ilikuwa ya watu wawili: dereva kulia, mpiga rashasha kushoto. Ukuta ulinifika kifuani. Kabla hata hatujafunika juu, vijana walikuwa wamenyamaza wakikitazama.

Waitaliano walikiita Carro Veloce, gari la kasi. Baadaye kikaitwa L3, maana kilikuwa chepesi, cha tani 3 na kidogo. Mwaka 1929 walinunua vigari vya Carden-Loyd kutoka Uingereza, kisha kampuni ya Ansaldo ya Genova, ikishirikiana na Fiat, ikatengeneza aina yake ya mwaka 1933 na nyingine ya 1935. Italia ilikuwa ikifikiria vita vya milima ya Alps, penye barabara nyembamba na madaraja dhaifu, na ilitaka kitu cha bei nafuu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaokidharau tangu mwanzo. Mawazo yake yalikuwa na maana. Ila deraya yake nene kabisa, ya mbele, ilikuwa ya milimita 14 hivi, na rashasha ilichomoza mbele tu. Ukitaka kulenga ubavuni, sharti ugeuze gari zima.

Hilo nililionyesha kwa fimbo iliyopita kwenye tundu, katikati ya vigingi viwili, icheze kidogo tu kushoto na kulia. Wawili wakaingia, tukafunika juu kwa maboksi, tukawaachia mwanya wa vidole viwili mbele. Nikawaambia wapige kelele wakimwona mtu. Wenzao wakazunguka kwa mbali, wakaja kwa nyuma, wakaweka viganja kwenye ubao. Waliokuwa ndani bado walikuwa wanatazama mbele. Hapo ndipo nilipowasimulia Dembeguina upya: njia imebana, hakuna pa kugeukia, na watu wanakijia kutoka upande ambao rashasha haifiki.

Yule msichana hakuridhika. "Mwalimu, kwa nini wasimweke dereva wa pili, atazame nyuma?" Nilifurahi mno, kwa sababu Waitaliano wenyewe walikuja kufanya hivyo hivyo. Magari yao ya deraya ya AB 40 na AB 41, ya magurudumu manne, yalikuwa na dereva mbele na dereva mwingine nyuma, na rashasha iliyotazama nyuma. AB 41 iliongezewa mzinga wa milimita 20 kwenye kichwa kinachozunguka, ikafanya upelelezi katika jangwa la Libya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. L3 nazo zilipigana Libya mwaka 1940, na mbele ya vifaru vya Waingereza hazikuwa na la kufanya.

Sikutaka waondoke wakidhani Dembeguina iliiokoa Ethiopia. Tarehe 23 Desemba, siku 8 tu baadaye, ndege za Italia ziliwamwagia watu wa Ras Imru gesi ya sumu karibu na mto Takazze. Ras Imru mwenyewe alieleza alivyowaona watu wake wameungua mikono, miguu na nyuso, naye hajui awasaidieje. Hilo nililisema polepole, tukiwa tumekaa chini ya mwembe, na hakuna aliyeuliza swali.

Katika jaribio la mwezi uliofuata, wengi waliandika juu ya ndege, gesi na Umoja wa Mataifa wa wakati ule (League of Nations) ulioshindwa kuizuia Italia. Mabanzi yameliwa na mchwa. Vipimo bado vimeandikwa kwa chokaa kwenye ukuta wa stoo: 3.2, 1.4, 1.3.