Siku moja maishani mwangu: bata, mbwa na mguu wa kushoto

Saa 10:30 alfajiri

Naswali na kanzu isiyotoka chumbani, kisha natoka kibarazani kuvaa nguo za kazi, ambazo haziingii ndani kamwe. Mimi ni mtu wa Tanga. Huu ni mwaka wangu wa sita magharibi mwa Minnesota, Marekani, nchi ya mahindi na mabwawa, na kazi yangu ni kufundisha mbwa wa kuokota ndege pamoja na wawindaji wanaowamiliki. Jua la Agosti ni adui wa mnyama mwenye manyoya ya tabaka mbili, kwa hiyo kazi nzito lazima iishe kabla ya saa nne asubuhi. Mwaka wangu wa kwanza nilichelewa kumtoa dume mmoja juani, akaanguka miguu ikimlegea. Alipona, lakini sijawahi kuchelewa tena.

Saa 12:00 asubuhi

Nalizunguka bwawa lote kwa miguu, hasa ule upande ambao upepo unasukumia takataka. Natafuta utando wa kijani unaofanana na rangi ya nyumba iliyomwagika majini. Ule ni mwani wenye sumu. Mbwa akinywa maji yale, au akijilamba manyoya baada ya kuogelea, anaweza kufa siku hiyohiyo. Leo maji ni safi.

Saa 12:45

Anafika mwindaji wangu na Daisy, mbwa jike mweusi aina ya labrador, wa miaka mitatu. Jumamosi wana mtihani wa mbwa wa kuokota ndege, ngazi ya Senior, ile ya kati baina ya Junior na Master. Mbwa hapambanishwi na mwenzake. Anapimwa kwa kiwango kilichowekwa: anakumbukaje mahali ndege alipoangukia, ana ari gani, anavumiliaje, anatii vipi. Kwenye Junior unaruhusiwa kumshika mkanda wa shingoni hadi utakapomtuma. Kwenye Senior humshiki kabisa, na wewe mwenyewe una bunduki tupu mikononi unayoielekeza kwa ndege kama uko mawindoni.

Hapo ndipo wanapokwama. Kijana wangu wa ng'ambo ya bwawa anapiga baruti, anarusha kifurushi cha plastiki badala ya ndege, na Daisy anachomoka kabla hajatumwa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu sikumtazama mbwa, nilimtazama bwana wake miguuni. Kila anapoiinua bunduki, mguu wake wa kushoto unasogea mbele kidogo. Daisy tangu udogoni amezoea kutembea pembeni ya mguu huo. Ukisogea, kwake ni ruhusa.

Nikamwomba akae kando, nikachukua nafasi yake. Nilipanda miguu kabla ya mlio, nikainua bunduki, nikatulia. Daisy alitetemeka toka mabegani hadi mkiani, uzi wa mate ukamning'inia mdomoni, lakini makalio hayakunyanyuka. Yule bwana alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Miezi yote hii nilikuwa namgombeza kwa kosa langu."

Tukaanza upya bila mbwa. Panda miguu, inua bunduki, sikia mlio, hesabu hadi tano moyoni, ndipo utaje jina lake. Mara ishirini. Alipomrudisha Daisy ubavuni, alitulia kama nguzo, naye Daisy akatulia. Aliposikia jina lake akaingia majini moja kwa moja bila kuzunguka ukingoni, na hilo lilinifurahisha kupita yote. Mbwa anayezunguka nchi kavu hupoteza mstari wa macho yake, na bata aliyejeruhiwa akishajichimbia kwenye matete hapatikani tena. Aliporudi hakutua mzigo ili ajikung'ute kwanza. Alimwekea bwana wake mkononi, maji yakimchuruzika. Watu hudhani hilo ni pambo la mtihani tu. Bata aliye hai akiwekwa chini sekunde mbili, anapiga mbizi na kwenda kufia asikoonekana. Kiumbe ukishampiga risasi, una wajibu wa kumfikia.

Saa 7:30 mchana

Tanga ni saa tatu na nusu usiku, mama hajalala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado na mbwa wako?"

Zamani swali hili lilimuumiza. Nilimsomea aya ya 4 ya Suratul Maida, inayohalalisha windo la wanyama waliofundishwa, akakaa nayo siku nyingi. Sasa ananiuliza kama Daisy ameacha kuchomoka.

Saa 10:00 jioni

Uwanja wa shabaha. Visahani 25 vya udongo, kila kimoja upana wa sentimita 11 hivi, vinarushwa kimoja kimoja, na Daisy ameketi nyuma yetu asikie milio yote bila kuondoka. Bwana wake anainua shavu kutoka kwenye kitako cha bunduki ili aone kama amepata, na kwa sababu hiyo anakosa. Duru ya kwanza 14, ya pili 19.

Tunatumia marisau (punje za bunduki) ya chuma. Tangu 1991 punje za madini ya risasi ni marufuku nchi nzima kwa kuwinda bata, maana bata walizimeza kwenye tope pamoja na changarawe, wakafa kwa sumu. Chuma ni chepesi na hupoteza nguvu mapema, hivyo namkataza kupiga ndege wa mbali. Hapa huwa mkali kweli. Bata wengi wanaopotea huanza na tamaa ya masafa.

Saa 1:30 usiku

Namkausha Daisy masikio kwa kitambaa, napitisha kidole kati ya vidole vyake. Mguu wa nyuma kulia nakuta mbegu ya nyasi, ile yenye ncha kama mshale, imeanza kuingia kwenye ngozi. Naichomoa kwa kibano, napaka dawa. Ananiegemeza kichwa gotini, macho yamefumba.