Kofia tumevaa mpaka imepasuka, mtoto yuko wapi?

Wanaonifahamu wanajua niko idara ya udahili kwenye chuo kimoja hapa Arusha, jina naliacha mana ndo ugali wangu huo. Udahili ni jina la kwenye barua ya ajira tu, kwa kiswahili cha mtaani kazi yangu ni kusaka wanafunzi. Kila mwaka Februari mpaka Aprili tunapakia gari fulana, kofia, vipeperushi na lile spika letu linalokoroma, tunaanza kuzunguka mashule.

Shule za mjini hazina kazi. Unafika saa 2 asubuhi, saa 6 umeshaongea na watoto mia mbili tatu, wamekuuliza maswali mazuri, namba za simu wamekupa, mchana uko Kwa Mrombo unasubiri nyama. Sasa njoo Simanjiro, wilaya ya wafugaji. Unashika njia ya Oljoro, vumbi mpaka kwenye meno, unapita Komolo, unapita Terrat, unaendelea kuelekea Orkesumet, mgongo unauma, dereva amenuna, na ukifika unakuta darasa lenye watoto 40. Mhasibu akipiga hesabu ya mafuta na posho akagawanya kwa idadi ya watoto anaona tumechanganyikiwa, ndo mana vyuo vingi huko havifiki, na vikifika vinafika mara moja, vinapiga picha za kuposti, basi.

Mi nilikuwa mmoja wao kwa hiyo sina wa kumnyooshea kidole.

Kilichonifumbua macho ni kitu cha kijinga kabisa. Niko mbele ya darasa la kidato cha sita huko huko Simanjiro nikauliza, haya wenyeji wa wilaya hii nyoosheni mikono. Mikono minne. Wengine wote wametoka Mbeya, Kigoma, Tanga, na Dar kibao. Nikabaki nimeduwaa wakati jibu nalijua toka zamani, kidato cha tano watoto wanapangwa nchi nzima, aliyefaulu hapa unaweza kumkuta Tabora na wa Tabora yuko hapa analalamikia upepo. Yaani nimekula vumbi kilomita zote hizo kuja kumtafuta mtoto wa Simanjiro kwenye shule ambayo yeye hayupo! Yupo Tabora, na akimaliza mtihani mwezi wa 5 anarudi boma, anakaa na mbuzi. Ukimtaka inabidi umfate nyumbani, na nyumbani hakuna mtu wa kumpa kofia isipokuwa baba yake.

Baba yake sasa. Mwaka uliofata nilimwomba bosi tuende mnadani. Akacheka, ila akakubali mana gari lilikuwa linapita huko huko kwa shughuli nyingine. Mnada wa mifugo ukiwa hujawahi kwenda ni dunia yake, vumbi, nyama inachomwa, wamama wanauza shanga na magadi, madalali wanapiga kelele, wazee wameegemea fimbo wanaangalia ng'ombe bila kusema neno. Nikamsogelea mzee mmoja, nikampa shikamoo yangu, nikajitambulisha, nikatoa na kofia kwenye begi. Akaipokea, akaigeuza geuza, akaniangalia.

"Mwalimu," (huko ukishataja chuo tu wewe ni mwalimu) "mwaka jana alikuja mwenzako akanipa kofia kama hii. Tumevaa mpaka imepasuka. Mtoto yuko wapi?"

Kijana wake alifaulu, akapata chuo, jina likatoka kabisa. Hakwenda. Nikauliza kwa nini, na mzee akanipa somo ambalo miaka yote ya kuhudhuria semina za masoko sijawahi kulisikia. Akasema nyie mnafungua chuo mwezi wa 10. Mwezi wa 10 ng'ombe ni mifupa. Mvua za masika zikiisha, mwezi wa 6 hapo, dume limenona, mnunuzi anakuja mwenyewe anabembeleza, linaenda laki 8. Mwezi wa 10 dume lile lile limetembea kutafuta maji mpaka mbavu unazihesabu, na kila mtu ana shida kwa hiyo kila mtu anauza, dalali anakupa laki 4 na anakuangalia kama amekufanyia msaada. Kwa hiyo ada yenu kwangu sio ya dume mmoja, ni madume wawili, na nina watoto wengine.

Sikuwa na jibu. Na hapo mzee alikuwa anaongelea mwaka mzuri. Ukame ule wa mwisho wa 2021 kuingia 2022 mifugo ilikufa Simanjiro na Longido maelfu kwa maelfu, kuna watu walianza upya na mbuzi watano, sasa mtu kama huyo unamwambia nini kuhusu kipeperushi chenye picha ya maktaba.

Niliporudi nikawa namfikiria babu yangu, sisi ni watu wa Kibosho, mlima Kilimanjaro. Kahawa huku mlimani inaanza kuchumwa mwezi wa 7 mpaka karibu na mwisho wa mwaka, unapeleka chama cha msingi, hela inatoka, na huo ndo msimu wa kuandaa ada. Wazee wa Moshi wanapenda kujisifu sisi tulipenda elimu, sisi tuna akili ya maendeleo, KNCU (chama chetu cha ushirika wa kahawa) ipo toka 1933, Chuo cha Ushirika kikafunguliwa Moshi 1963 (ndo hiki sasa kinaitwa MoCU), na yote ni kweli na mi mwenyewe najivunia. Ila hatusemi kwamba na zao lenyewe lilikuwa linaiva wakati ambao ada inadaiwa. Mfugaji wa Simanjiro zao lake linanona Juni na anadaiwa Oktoba. Akishindwa tunasema ah wale jamaa hawapendi shule. Hapana aisee.

Haya tuseme hela imepatikana. Sasa mtoto aanze safari ya makaratasi, na hapa ndo napotezaga watoto wengi kuliko mahali pengine popote, kati ya Julai matokeo yanapotoka na chuo kinapofunguliwa. Alama wanazo! Wanapotelea njiani.

Wengine mwezi wa 6 wameshachukuliwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, matokeo yanatoka yupo kambini, dirisha la maombi linafunguka yupo kambini, na kumpata mtu wa kambini kwenye simu ni bahati nasibu. Aliyeko nyumbani anaambiwa mkopo unaombwa mtandaoni, bodi ya mikopo, elfu 30 ya maombi kwa kontrol namba. Anahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo. Kazaliwa bomani kwa bibi, cheti hana, au anacho ila kina jina la nyumbani na shuleni mwalimu wa darasa la kwanza alimwandika jina la kanisani, kwa hiyo ni watu wawili tofauti kwenye mfumo. Ale kiapo kwa wakili, wakili yuko mjini. Fomu isainiwe na mdhamini mwenye kitambulisho, igongwe muhuri wa serikali ya kijiji, mtendaji kaenda kwenye mafunzo, ipite kwa hakimu au kamishna wa viapo, alafu iskaniwe irudishwe kwenye mfumo. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Ila kila kimoja ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na bodaboda ya porini sio buku.

Kuna binti mmoja siku zote nikimkumbuka najisikia vibaya. Alifaulu vizuri, masomo ya sayansi, akaomba vyuo vitatu akapata viwili, na sisi tulikuwa kimojawapo. Ukipata zaidi ya kimoja inabidi uthibitishe unakotaka, unatumiwa kodi (namba ya siri ya kuthibitisha) kwa meseji, unaiingiza, imeisha hiyo, dakika 1. Binti hakuwa na simu. Maombi alijaziwa na kijana wa steshenari mjini, na kijana kwenye sehemu ya namba ya simu akaweka namba yake mwenyewe, sio kwa ubaya, anafanya hivo kwa wote ili mfumo usimsumbue. Kodi ikaingia kwenye simu ya kijana wa steshenari. Kijana siku hiyo ameingiza kodi kama 30 za watu, hii ya nani hajui. Nafasi ikapita. Mi nilikuwa naona jina lake kwenye orodha kila siku, hajathibitisha, hajathibitisha, hajathibitisha, nampigia namba ile inapokelewa na jamaa ana kelele za printa nyuma, ananiambia dada hapa ni ofisini. Nilikuja kujua mwezi wa 12, ameshaolewa.

Mwaka huo kata yao walijaza maombi kwetu 11. Walioripoti 2.

Toka hapo nimebadilisha begi langu. Fulana zimepungua, nabeba printa ndogo, pedi ya muhuri (watendaji wengi zao zimekauka, usicheke, hii imeokoa watu), laini za simu za kusajili kwa jina la mtoto mwenyewe, na bando. Msakaji wa kweli ni afisa mtendaji wa kata na katekista wa kanisa, hao ndo wanajua nani kafaulu na yuko boma gani, kuliko tangazo lolote la redio. Na naenda mwezi wa 5 mwishoni na wa 6, ng'ombe wakiwa bado wamenona, naongea na wazazi kuhusu hela kabla hata matokeo hayajatoka. Bosi wa mwanzo hakuelewa kabisa, aliniuliza unamtangazia nani wakati matokeo hakuna? Nikamwambia namtangazia dume.

Kingine ambacho ofisini hawakukipenda ni kusema bei yote. Tuna tabia vyuoni ya kuandika ada kwa herufi kubwa na vingine kwa herufi za chungu. Mzazi wa mjini ameshazoea, anajua kuna hosteli, kuna fildi, kuna bima, kuna mchango wa hiki na kile, kuna siku ya kwanza godoro na ndoo. Mzazi wa kijijini anachukua ile ya herufi kubwa anaifanyia hesabu ya mifugo, anauza hasa hiyo idadi, alafu mtoto anafika getini anaambiwa bado. Anarudi. Na akirudi mmoja kata nzima inajua, miaka mitatu hutapata mtu. Wabaya zaidi ni hawa mawakala wanaolipwa kamisheni kwa kichwa, anamwambia mtoto njoo tu mkopo upo, bumu (hela ya kujikimu) utapata, wakati kozi yenyewe ni ya cheti na mkopo haina. Nimekutana na kijana stendi ya Kilombero hapa hapa Arusha na begi lake, kadanganywa hivo hivo na wakala wa chuo kingine, ameomba nauli ya kurudi. Na mi siwezi kuapa kwamba kwetu hatujawahi kufanya.

Nilisoma kuhusu chuo kimoja cha Marekani, Berea, kipo jimbo la Kentucky karibu na ile milima ya Appalachia ambako kazi za migodi ya makaa ya mawe zilipungua na watu wakabaki na umaskini wao. Toka 1892 hawamtozi mwanafunzi ada. Kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni, angalau masaa 10 kwa wiki, jikoni, shambani, karakana. Nikasema haya huko wana mfuko mkubwa wa wafadhili, sisi hatuna, sawa. Ila la kazi lingewezekana. Chuo chetu kinanunua maziwa kila siku na kina eneo nyuma ya hosteli linaota magugu, na tunadahili watoto ambao toka wana miaka sita wanajua ng'ombe kuliko daktari wa mifugo. Nililitoa kwenye kikao. Likaandikwa kwenye muhtasari. Lipo huko hadi leo.

Huko huko mwaka 2023 vyuo 16 vikubwa, vya kina Yale na Chicago, waliungana kwenda kutafuta watoto wa vijijini, na kuna tajiri aliyekulia mji mdogo wa Missouri akatoa dola milioni 20. Nilipoona nilicheka mana tatizo ni lile lile la mhasibu wetu, safari ndefu watoto wachache, tofauti yao wamepata wa kulipia mafuta.

Mwaka jana kata ile ile waliripoti 6. Bosi anasema sita sio targeti, na kweli sio, targeti yangu naifikisha kwa watoto wa Sakina, hapa hapa mjini. Yule mzee wa kofia ana binti kamaliza kidato cha sita mwaka huu, yupo JKT sahivi. Fomu zake za mkopo upande wa mzazi tumeshazijaza, mtendaji kagonga muhuri na wino wangu, laini ya simu ipo kwa mama yake na nimemwelekeza yeyo (ndo mama kwa Kimasai) mara tatu kwamba meseji ikija asiifute. Dume liliuzwa wiki iliyopita. Mzee hela hataki kuweka benki wala kwenye simu, ameibadilisha mbuzi, anasema mbuzi hawakondi haraka kama ng'ombe na Oktoba atawauza mmoja mmoja. Nimemwambia baba, hii hatari. Akaniambia mwalimu, wewe shughulika na makaratasi.