Wiki ya ripoti

Ijumaa jioni, Busia, Uganda

Nimemaliza kusahihisha karatasi za mtihani za topu klasi, darasa la mwisho la nasari. Karibu wote wamefaulu, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Kwa kawaida sisi walimu wa nasari tunalalamikia kinyume chake: mtihani unamdhulumu mtoto, ameulizwa kwa Kiingereza jambo analolijua kwa Kisamia au Kiswahili, penseli yenyewe bado inamshinda. Ni malalamiko ya haki. Hapa mpakani mtoto wa miaka mitano anaamshwa kwa lugha moja, anacheza kwa nyingine, kisha anafanyiwa mtihani kwa ya tatu. Lakini karatasi hizi tunazonunua zikiwa zimechapwa tayari, zenye picha za mipira na maembe, zina uongo wa pili ambao hatuusemi. Zinamhesabia mtoto kitu ambacho bado hana.

Kuna mvulana mmoja anayekaa karibu na dirisha. Kuimba namba hadi thelathini kwake ni mchezo tu, tena kwa madaha. Kwenye karatasi ameandika 1 hadi 20 bila kuruka hata moja, akapata alama zote. Nikamwita pembeni, nikamwekea vifuniko vya soda mkekani, nikamwambia, "Nipe saba." Akachota konzi nzima akanipa. Nikamwomba avihesabu. Akagusa kimoja kimoja vizuri kabisa, akaishia kumi na moja. "Haya, viko vingapi?" Akaanza kuhesabu upya kutoka moja.

Kwake yeye, kuhesabu ni wimbo unaoimbwa huku kidole kikitembea. Hajajua kwamba neno la mwisho ndilo linalotaja idadi ya vyote. Si mjinga hata kidogo. Wanaochunguza makuzi ya watoto wamelieleza jambo hili siku nyingi: mtoto huelewa moja kwanza, baadaye mbili, baadaye tatu, miezi ikipita katikati, halafu siku moja mambo yanamfungukia na namba zote zinapata maana. Wa dirishani yuko kwenye tatu. Nilijaribu: ukimwomba vitatu anakupa vitatu, ukimwomba vinne anachota tu. Sasa najua Jumatatu nianzie wapi naye. Zile alama zote alizopata hazikunionyesha.

Mwongozo wa Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, ule wa mwaka 2005, una maeneo matano ya kujifunza. Hesabu ni moja na lugha ni moja. Mengine ni kuishi na wenzake, kujitunza mwili, na kuyajua mazingira yake. Utayapimaje hayo kwa karatasi? Mtoto anayemwachia mwenzake bembea bila kuambiwa nimwekee asilimia ngapi?

Naijua sababu ya karatasi, lakini. Elimu ya msingi bila ada iliyoanza mwaka 1997 inaanzia darasa la kwanza. Huku chini nasari nyingi ni za watu binafsi, zinaishi kwa ada. Mzazi aliyeuza samaki muhula mzima ili alipe anataka kuona alichonunua. Mama mmoja alinisimamisha getini leo: "Mwalimu, wangu amekuwa wa ngapi?" Nikamwambia, "Mama, amejifunza kusimulia hadithi kwa mpangilio." Akanitazama kwa huruma. "Sawa mwalimu. Lakini wa ngapi?" Naye ana hoja: shule anayoitaka mwakani inafanya intavyuu, na huko hawataulizia hadithi.

Vile vipimo vikubwa sivikatai. Wale wa Uwezo, shirika linalopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, hupita majumbani, huketi na mtoto mmoja mmoja wa miaka 6 hadi 16 na maswali ya kiwango cha darasa la pili, na kwa njia hiyo nchi inajua watoto wake wamefika wapi. Hata hivyo angalia wanavyofanya: mtoto mmoja, mtu mmoja, ana kwa ana. Sisi wenye watoto wadogo zaidi ndio tunawakalisha wote kwa pamoja na kuwaambia wanyamaze.

Mwalimu mkuu anataka namba kwenye ripoti, na namba nimejaza. Nyuma ya karatasi nimeongeza maneno kwa Kiswahili, maana wazazi wengi wa hapa wanakisoma kuliko Kiingereza. Kwa yule wa dirishani nimeandika: "Anaimba namba vizuri. Vitu vinne bado vinamchanganya. Likizoni mtumeni alete vikombe vya watu waliopo nyumbani, visizidi wala visipungue."

Imenichukua jioni nzima na bado sijafika nusu ya darasa. Muhula ujao sitasubiri wiki ya ripoti. Nitaita wachache kila asubuhi wakati wa michezo, na daftari litakaa mfukoni mwa aproni. Mwenzangu wa bebi klasi amecheka aliposikia. Kisha akaniomba vifuniko.